Nota za marehemu hazifai kufungiwa kabatini

Mwaka jana dogo mmoja wa kwaya yetu alinisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada ya pili. Alikuwa amenisikia nikicheza kipande cha Bach kwa kinanda watu wakitoka. "Brathe, hiyo kitu umecheza, unaweza nitumia nota?" Nikamwambia nitaangalia kama ninayo.

Nilidanganya. Nilikuwa nayo kwa simu, mfukoni, PDF ya kurasa chache tu. Ni Largo kutoka sonata ya tano ya Bach ya ogani, ile ambayo mpiga piano Mrusi Samuil Feinberg aliigeuza ichezwe kwa piano. Nakala yangu ilitoka kwa buda mmoja wa Ulaya anayekusanya nota na rekodi za zamani. Ilichapishwa Moscow enzi za Kisovieti, na pembeni kuna alama za penseli za mtu aliyeicheza kabla yangu: kidole gani kiguse wapi, pedali ikanyagwe lini. Buda alinitumia bure, ila kwa sharti moja: usimpe mtu mwingine yeyote.

Nilitii sharti hilo kwa wiki tatu hivi. Kila Jumapili dogo ananitazama, mimi naangalia kando. Halafu nikajiuliza swali ambalo ningefaa kujiuliza mapema: kwani hii nota ni ya nani?

Jibu la swali hilo ndilo limenifanya niandike hapa. Msimamo wangu ni huu: muziki ambao hakimiliki yake imeisha ni wetu sote, na anayeufungia ili abaki na kitu cha kubadilishana na wenzake anatudhulumu, hata akijiita mpenzi wa muziki namba moja. Lakini pia tusidanganyane. Sio kila kitu cha zamani ni cha bure, na sisi vijana tunaopakua kila kitu bila kuuliza tuna makosa yetu. Nitayataja yote mawili.

Biashara ya nikupe unipe

Kwa wasioijua dunia hii, wacha nieleze. Kuna watu wanaokusanya viatu, kuna wanaokusanya stempu, na kuna wanaotafuta nota za piano zilizoacha kuchapishwa miaka mingi iliyopita. Wanatafuta pia santuri za kale, silinda za nta, na zile karatasi zenye matundu zilizoendesha piano za kujicheza zenyewe, ambazo watunzi kama Debussy na Mahler walirekodi mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wao si maprofesa. Ni watu wa kawaida wenye kazi zao, wanaotumia pesa zao na usiku wao kwa kitu wanachokipenda.

Na lazima tuwape haki yao. Bila watu hawa, mengi yangepotea. Mwaka wa 1965 huko Marekani wapenzi wachache wa piano walianza kukusanya rekodi na nota ambazo hakuna aliyezijali. Leo mkusanyiko huo uko Chuo Kikuu cha Maryland na ni miongoni mwa hazina kubwa zaidi za piano duniani.

Chukua pia kisa cha Julius Block. Alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Afrika Kusini, mwenye asili ya Kijerumani, aliyefanya kazi Urusi. Mwaka wa 1889 alipeleka huko fonografu ya Thomas Edison, mashine iliyonasa sauti kwenye silinda ya nta. Akaanza kuwarekodi wanamuziki waliomtembelea. Mtunzi Anton Arensky alirekodiwa mwaka wa 1894 akipiga piano katika trio yake mwenyewe, wino ukiwa haujakauka vizuri. Sauti ya Tchaikovsky akitaniana na wenzake ilinaswa mwaka wa 1890.

Silinda nyingi baadaye zilipelekwa Berlin. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, watu wakaamini zimeangamia. Kumbe zilikuwa zimebebwa hadi Urusi na kuwekwa Pushkin House, jijini St. Petersburg. Wapenzi wa rekodi za kale walizifuatilia hadi wakazipata, na mwaka wa 2008 Ward Marston, Mmarekani kipofu ambaye ni bingwa wa kusafisha rekodi za zamani, akazitoa kwa CD tatu.

Hebu fikiria. Kwa zaidi ya miaka 100 muziki huo ulikuwepo, lakini kwako wewe na mimi ni kama haukuwepo. Ulikuwa kwenye rafu, na rafu ilikuwa kwenye jengo, na mlango wa jengo ulikuwa umefungwa.

Huyo ni mwenye bahati. Scott Joplin, Mmarekani mweusi aliyeufanya muziki wa ragtime kuwa maarufu, alitunga opera iitwayo A Guest of Honor na kuzunguka nayo mwaka wa 1903. Hadi leo hakuna nota yake hata moja iliyopatikana. Aliomba hakimiliki lakini nakala ya kuhifadhiwa haikufika. Florence Price, mwanamke mweusi aliyetunga simfonia na vipande vingi vya piano, alikaribia kupatwa na hayo hayo. Alifariki mwaka wa 1953. Mwaka wa 2009 watu walionunua nyumba iliyoachwa karibu na mji wa St. Anne, jimbo la Illinois, walikuta mabunda ya maandishi yake ndani. Paa lilikuwa limeharibika. Mvua nyingine mbili tatu, na leo tusingekuwa tunamzungumzia hivi.

Funzo ni rahisi na halihitaji digrii. Nakala moja kabatini ni kamari. Kuna moto, kuna mvua, kuna panya, kuna watoto wa marehemu watakaouza karatasi zote kwa kilo ili wapangishe chumba. Nakala 1,000 katika simu 1,000 haziwezi kuungua siku moja.

Sasa rudi kwa buda wangu. Nilimwandikia, nikamuuliza kwa heshima kama anaogopa sheria ndio maana hataki nota itoke. Alinijibu bila kunificha: sheria si shida yake kubwa. Shida ni kwamba kitu kikishaenea, hakina tena thamani ya kubadilishana. Mwenzake ana folda yenye nota fulani, na ataifungua tu kwa mtu mwenye kitu ambacho yeye hana. Nota adimu ndizo pesa zao.

Umeona shida iko wapi? Katika soko la nikupe unipe, anayeingia ni yule ambaye tayari ana kitu. Aliye nacho anaongezewa. Kijana wa Kayole mwenye kinanda cha kuazima na simu yenye kioo kilichopasuka hana cha kutoa, kwa hivyo hapewi. Na hapa hatuzungumzii gari. Tunazungumzia karatasi ambayo ukiinakili, mwenye asili hapungukiwi hata na nukta moja.

Kuna hoja yake nyingine ambayo naiheshimu zaidi. Alisema amewahi kutoa skani zake bure, halafu akakuta mtu anaziuza. Alilipia maktaba zimpigie picha nota hizo, akasafisha kila ukurasa kwa mkono, kisha mjanja mmoja akavuna. Inauma, sikatai. Lakini dawa yake si kufunga. Mjanja anauza kwa sababu kitu hakipatikani kwingine. Kikiwa wazi kwa kila mtu bure, atamuuzia nani?

Sheria inasema nini hasa

Mimi si wakili, lakini sheria yenyewe si ngumu kihivyo. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 zaidi kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Baada ya hapo ni mali ya umma. Ulaya na Uingereza ni miaka 70.

Feinberg alifariki Oktoba 1962. Kwa hesabu ya Kenya, kazi zake ziliingia mikononi mwetu tarehe 1 Januari 2013. Kwa hesabu ya Ulaya, zitabaki chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2032. Kwa hivyo buda akiziweka wazi akiwa kwao, anaweza kupata matatizo. Mimi nikimpa dogo nje ya kanisa hapa Nairobi, sijamwibia mtu. Rachmaninoff, aliyefariki 1943, ni wetu tangu 1994. Medtner, aliyefariki 1951, ni wetu tangu 2002. Mpaka wa nchi unaweza kufanya kitu kile kile kiwe halali upande huu na haramu upande ule.

Tofauti hii iliwahi karibu kuiua maktaba muhimu kuliko zote za nota mtandaoni. Mwaka wa 2006 mwanafunzi mmoja wa muziki kutoka Kanada, Edward Guo, alianzisha IMSLP, maktaba ya wazi ambapo mtu yeyote anaweza kuweka skani ya nota zilizoisha hakimiliki na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Wakati huo Kanada ilikuwa na miaka 50 kama sisi. Oktoba 2007, kampuni ya uchapishaji ya Universal Edition ya Vienna ilimtumia barua za wakili, kwa sababu baadhi ya watunzi waliokuwa huru Kanada walikuwa bado wanalindwa Ulaya. Guo alikuwa mwanafunzi, hakuwa na pesa za kupigana na kampuni. Akafunga.

Lakini hakufa moyo. Tarehe 30 Juni 2008 maktaba ilifunguliwa tena, safari hii kila nota ikikaguliwa na kuandikwa ni halali wapi na si halali wapi. Ndiyo maana hadi leo ukitaka kupakua baadhi ya nota unaonywa kwanza uangalie sheria ya nchi yako. Maktaba hiyo imepewa pia jina la Petrucci, mchapishaji wa Venice ambaye mwaka wa 1501 alitoa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kilichopigwa chapa kwa herufi za kupanga. Yaani huyo pia kazi yake ilikuwa kuutoa muziki kwenye makabati ya wakubwa.

Kanada yenyewe ilibadilisha sheria mwishoni mwa 2022 na kwenda miaka 70. Huko hakuna mtunzi mpya atakayekuwa huru hadi 2043. Sisi bado tuko 50. Nchi yetu imetuachia mlango wazi kwa miaka 20 zaidi kuliko wenzetu, halafu sisi wenyewe tunasimama mlangoni tukiambiana "usimpe mtu".

Kwa upande wa rekodi, kuwa makini, maana kuna haki mbili ndani ya kitu kimoja. Kuna haki ya mtunzi, na kuna haki ya rekodi yenyewe. Hapa kwetu rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Marekani, sheria ya 2018 iliziachilia rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 zikawa huru tarehe 1 Januari 2022, na zile za 1923 hadi 1946 zinafunguliwa mwaka baada ya mwaka, kila moja ikifikisha miaka 100. Kwa hivyo rekodi ya 1930 inaweza kuwa huru hapa na bado ina mwenyewe kule.

Na wenyewe hawachezi. Mwaka wa 2023 kampuni kubwa za muziki ziliishtaki Internet Archive kwa kuweka wazi santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zikitaja rekodi zaidi ya 2,700. Kwa hivyo ukipakia kitu kwenye mtambo ulioko Marekani, usiseme "lakini sheria ya Kenya". Uliza kwanza.

Na mtunzi aliye hai atakula nini?

Hapa ndipo nageuka kwetu vijana, na najua kuna watakaokunja uso.

Kuna tabia ya kuona kila PDF kama ni haki yetu kwa sababu hatuna doo. Naielewa. Nilipoacha chuo kabla ya kumaliza, kitu cha kwanza nilichokosa haikuwa darasa, ilikuwa maktaba. Siku moja kadi yangu inafungua mlango, siku nyingine askari ananiuliza naenda wapi. Kitabu kimoja cha nota kutoka ng'ambo, ukiongeza usafirishaji na ushuru, kinaweza kula pesa ya kodi ya nyumba. Kwa hivyo sitawahubiria kama mtu asiyejua njaa ya nota.

Lakini Akin Euba, Mnaijeria aliyetunga muziki wa piano wenye midundo ya Kiyoruba, alifariki mwaka wa 2020. Kwa sheria yetu kazi yake inalindwa hadi mwisho wa 2070. Kuna mkusanyiko mzuri sana wa juzuu tano za muziki wa piano wa Afrika na wa watu weusi wa ughaibuni, uliohaririwa na mpiga piano William Chapman Nyaho mwenye asili ya Ghana na kuchapishwa na Oxford. Watunzi wengine mle wako hai. Tukilia kila siku kwamba vitabu vya piano vimejaa Wazungu waliokufa, halafu anapotokea mtu akakusanya wa kwetu tunamwibia, tutegemee nani atatoa juzuu ya sita?

Ama chukua Kaikhosru Sorabji, Mwingereza aliyekuwa na baba Mparsi, aliyetunga Opus clavicembalisticum, kipande cha piano kinachochukua saa nne hivi kuchezwa. Alifariki 1988, kwa hivyo hapa kwetu bado ana miaka hadi mwisho wa 2038. Maandishi yake ya mkono yalikuwa magumu kusomeka. Kuna wahariri waliokaa miaka wakiyanakili upya ukurasa kwa ukurasa, na hifadhi yake inauza nakala hizo ili kazi iendelee. Ukizimwaga bure mitandaoni, hujamkomesha bepari yeyote. Umemkata miguu mtu aliyefanya kazi ambayo wewe usingeifanya.

Suluhisho? Tuna chama cha kununua sufuria, chama cha kununua ploti, chama cha kwenda Mombasa Desemba. Watu kumi wanaopiga piano wanashindwaje kuchanga Sh500 kila mmoja wanunue kitabu kimoja halali kizunguke? Nimesema kitabu kizunguke, sijasema fotokopi kumi.

Andika jina, andika mwaka

Kuna kosa lingine ambalo wakusanyaji na wapakuaji tunashirikiana: kusambaza vitu bila maelezo. Nimepokea faili nyingi zenye jina kama "piano adimu 3". Nani anacheza? Lini? Ilitoka kwa santuri gani? Hakuna ajuaye.

Ukidhani ni jambo dogo, sikia hii. Mwaka wa 1966 kampuni ya EMI ilitoa rekodi ya Konserto ya kwanza ya Chopin ikisema ni ya Dinu Lipatti, Mromania mahiri aliyefariki 1950 akiwa na miaka 33. Watu waliipenda na kuihifadhi kama kumbukumbu ya Lipatti. Miaka ya 1980 ikagundulika mpigaji si Lipatti hata kidogo. Ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland. Mwanamke huyo alikuwa hai muda wote huo, na jina la mtu mwingine liko juu ya kazi yake.

Hilo lilikuwa kosa. Kisa cha Joyce Hatto kilikuwa wizi. Hatto alikuwa mpiga piano Mwingereza aliyefariki 2006, na mumewe alikuwa ametoa CD zaidi ya 100 kwa jina lake. Zikasifiwa kweli kweli. Mapema 2007 mtu mmoja akatia CD moja ya Liszt kwenye kompyuta, na programu ikamwambia hiyo ni rekodi ya László Simon. Watu wakaanza kulinganisha, moja baada ya nyingine, na zikapatikana nyingi zimenyakuliwa kutoka kwa wapiga piano wengine. Mumewe baadaye alikiri.

Angalia kilichomnasa. Ni kwamba rekodi zilikuwa mikononi mwa watu wengi, na ziliandikwa vizuri, kwa hivyo mtu angeweza kulinganisha. Kama zile za asili zingekuwa zimefungiwa kwa makabati matatu Ulaya, uongo ule ungekuwa historia leo. Kugawana kwa uwazi, tena kwa maelezo kamili, ndiko kunakomlinda mpigaji.

Na makabati yetu je?

Ni rahisi kumlaumu buda wa Ulaya. Sasa tujiangalie.

Mwaka wa 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Rekodi ilienda Afrika Kusini, kwenye maktaba ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Wapenzi wa muziki ng'ambo waliujua wimbo huo kwa miongo mingi. Nakala zilirudishwa kwa jamii iliyouimba baada ya zaidi ya miaka 60. Miaka sitini! Wasichana walikuwa wamekuwa nyanya.

Na usidhani nota zetu ziko salama zaidi. Wimbo wetu wa taifa ulitengenezwa 1963 na kamati ya wanamuziki kutokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Tangu wakati huo walimu wetu wamepanga mamia ya nyimbo kwa ajili ya tamasha la muziki la shule na makwaya. Ziko wapi? Uliza mwalimu yeyote wa kwaya aliyestaafu. Ziko kwenye madaftari, nyingine kwa solfa na nyingine kwa stafu, chini ya kitanda au juu ya kabati. Na wengine wao ni wakali kuliko buda: "Hii mpangilio ni yangu, shule jirani wasiione." Mwalimu anafariki, familia inasafisha nyumba, daftari linawasha jiko.

Hawa wengi bado wana hakimiliki, na ni sawa. Kuhifadhi si lazima iwe kusambaza. Mpige simu mwalimu wako wa zamani wiki hii. Mwombe ruhusa umpigie picha madaftari yake. Andika jina lake, mwaka, na ulikuwa wimbo wa shule gani. Mwachie nakala yeye na watoto wake. Akikubali zitolewe, zitoe. Akikataa, zikae salama hadi muda wake ufike. Kazi hiyo inahitaji simu, mwanga wa dirisha, na Jumamosi moja.

Nilichofanya

Nilimwandikia buda tena. Nikamwambia asante kwa yote, lakini nota ya Feinberg nitampa kijana wa kanisa letu na mwingine yeyote hapa atakayeniomba, kwa sababu kwetu ni halali na kwa sababu sioni ni kwa nini nisimpe. Sikuzitoa zile nyingine alizonitumia ambazo bado zina wenyewe. Alikuwa ameniahidi folda nzima ya nota za watunzi wa Urusi. Hakunijibu, na folda haijawahi kuja. Sitasema haikuniuma. Kuna vipande mle ambavyo huenda nisivione tena maishani.

Dogo nilimpa PDF Jumapili iliyofuata, nikamwomba msamaha kwa kumdanganya. Akacheka, akasema alijua tu. Akaenda kuiprinti saiba, Sh10 kwa ukurasa, na sasa anaicheza polepole kuliko mimi, na kusema ukweli ni vizuri zaidi hivyo. Juzi nimeona msichana wa kwaya ya vijana ana fotokopi ya nakala yake, na kuna alama mpya za penseli ambazo si zangu wala si za yule wa Moscow.

Kwa hivyo wewe mwenye folda, hard disk, ama kabati: pitia ulichonacho wiki hii. Angalia mtunzi alifariki lini, hesabu miaka 50, na kama ni rekodi hesabu na ya rekodi. Kilicho huru kitoe, kikiwa na jina, mwaka na kilikotoka. Kisicho huru kinunue ama kisubiri. Na ukiulizwa na dogo kama unayo, usimwambie utaangalia.